Kirusi Kinachofungua Mlango: Mwongozo wa Kulinda Kinga ya Viazi Vitamu, Mahindi na Muhogo

Shamba la viazi vitamu linapodumaa wiki chache baada ya kupandwa, majani yakawa madogo, membamba na yenye umanjano kati ya mishipa, wenye shamba wengi hutafuta sababu katika udongo uliochoka au mvua iliyochelewa, wakaongeza samadi au wakanunua dawa ya wadudu bila kuona nafuu. Katika sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, nchini Uganda na magharibi mwa Kenya, sababu ya hali hiyo mara nyingi ni ugonjwa wa virusi ambao wataalamu huuita kwa kifupi SPVD. Ugonjwa huo hautokani na kirusi kimoja bali na viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja, kimoja kikivuruga kinga ya mmea huo na kingine kikizaliana bila kizuizi. Jambo lilo hilo hutokea katika mahindi, na katika muhogo hutokea kwa namna yake. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mkulima, bwana shamba na mwanafunzi wa kilimo, nao unaeleza kwanza jinsi kinga ya mmea inavyozimwa, kisha hatua za shambani, kwa sababu ushauri wa kung'oa mche ambao bado una majani ya kijani huonekana kuwa hasara tupu kwa mtu asiyejua kinachoendelea ndani yake.

Kinga ya mmea na namna inavyozimwa

Mmea hauna damu wala chembechembe zinazozunguka mwilini kutafuta maradhi, kwa hiyo kila seli, yaani kila kichumba kidogo kinachoujenga mwili wake, hujilinda yenyewe na kuzipa habari seli za jirani. Juu ya utando wa seli kuna protini zinazotambua vipande vya miili ya vimelea, kwa mfano kitini, ambayo ni kemikali inayojenga kuta za kuvu, au flajelini, ambayo hujenga mkia wa kuogelea wa bakteria wengi. Ndani ya seli kuna kundi la pili la protini linalotambua uharibifu unaofanywa na vimelea vilivyokwisha kupenya. Vimelea navyo vina njia za kujibu. Bakteria wengi huchoma seli kwa kitu kinachofanana na sindano na kuingiza humo protini zinazokata mawasiliano ya kinga. Bakteria aitwaye Pseudomonas syringae hutengeneza sumu iitwayo koronatini, ambayo huyalazimisha matundu ya kupumulia ya jani kufunguka tena baada ya mmea kuyafunga kwa kujihami. Na kimelea cha Phytophthora infestans, kinacholeta bakajani chelewa katika viazi mviringo na nyanya, kina mamia ya jeni za protini ambazo inaelekea hupenyezwa katika seli za mmea kwa kazi ya namna hiyo.

Mambo hayo ya bakteria na vimelea vingine yanastahili mwongozo wake. Hapa yanatajwa tu ili msomaji aone kwamba kuzima kinga ni kazi ya kawaida ya vimelea vya kila aina, na kwamba virusi, ingawa ni vidogo kuliko vyote na jeni zake ni chache mno, vimelazimika kubeba jeni moja au zaidi kwa kazi hiyo.

Virusi vingi vya mimea hubeba urithi wake katika RNA, mnyororo wa kemikali unaokaribiana na DNA lakini ambao kwa kawaida ni wa uzi mmoja. Kirusi kinapojinakili ndani ya seli hupita katika hatua ambayo nyuzi mbili za RNA hushikamana kwa urefu, na kwa kuwa seli yenye afya haina kawaida ya kuwa na RNA ndefu ya nyuzi mbili, mmea huichukua hali hiyo kuwa dalili ya uvamizi. Kimeng'enya kiitwacho Daisa, yaani protini ya kukatakata, huikata RNA hiyo katika vipande vifupi vyenye viungo 21 hadi 24, na viungo hivyo ndivyo wanasayansi huviita nyukleotidi. Protini nyingine, Argonauti, huchukua uzi mmoja wa kila kipande na kuutumia kama kielelezo cha kutafuta RNA yoyote inayolingana nao, na inapoipata huikata. Kazi haiishii katika seli moja, kwa maana mmea huongeza idadi ya vipande hivyo na kuvisafirisha kupitia vijitundu vilivyo kati ya seli na kupitia floemu, mishipa inayopeleka sukari kutoka majanini, hivi kwamba majani machanga hupata habari za kirusi kabla kirusi chenyewe hakijayafikia. Andrew Hamilton na David Baulcombe, waliofanya kazi Norwich nchini Uingereza, ndio walioonyesha vipande hivyo katika mimea mwaka 1999, na tangu hapo njia hii ya kinga imeitwa unyamazishaji wa RNA.

Inafaa kusisitiza jambo moja ambalo hupuuzwa: kinga hii ina nguvu kweli. Aina nyingi za viazi vitamu za Afrika Mashariki zikiambukizwa kirusi kiitwacho SPFMV peke yake, ambacho huenezwa na vidukari, hazionyeshi dalili au huonyesha kidogo tu, na baadhi ya matawi yake huendelea kukua hadi yanajiondolea kirusi kabisa bila msaada wa mtu. Mkulima anayeona marando yake yakistawi mwaka hadi mwaka katika eneo lenye vidukari wengi anaona matunda ya kinga hiyo ikiwa kazini.

Virusi vya mimea huijibu kinga hiyo kwa protini zinazoweza kuitwa vizimakinga, na namna zake ni nyingi. Kizimakinga kiitwacho HC-Pro, cha virusi vya jamii ya poti, ambavyo SPFMV ni kimojawapo, hushika vile vipande vifupi vya RNA vikiwa bado na nyuzi zake mbili na kuvizuia visifike kwa Argonauti. P0, kizimakinga cha jamii nyingine, husababisha Argonauti yenyewe iharibiwe na seli. Baadhi ya vizimakinga hufanya kazi mapema, vingine hukawia, vingine huzuia tu habari zisisafiri kwenda majani ya juu, na tofauti hizo ndizo zinazoeleza kwa nini virusi viwili dhaifu vinaweza kuleta maradhi makali vinapokuwa pamoja. Hali hiyo inaweza kulinganishwa na wezi wawili, mmoja hodari wa kufungua komeo lakini asiyebeba kitu kizito, na mwingine mwenye nguvu za kubeba lakini asiyejua kufungua mlango: kila mmoja akija peke yake nyumba hupata hasara ndogo, wakija pamoja hubaki kuta.

Kirusi cha pili katika kiazi kitamu

Mwaka 1957 mtafiti F. M. L. Sheffield, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alieleza magonjwa ya virusi ya viazi vitamu vya Afrika Mashariki na kutofautisha kirusi kinachoenezwa na vidukari na kingine kinachoenezwa na nzi weupe, wale wadudu wadogo mfano wa unga wanaoruka jani linapotikiswa. Kirusi cha nzi weupe ndicho kinachoitwa leo SPCSV. Kikiwa peke yake hudumaza mmea kwa kiasi, na majani ya chini au ya katikati hugeuka zambarau au manjano, dalili ambazo mkulima anaweza kuzidhania kuwa uzee wa majani au upungufu wa mbolea. Kwa sura yake basi SPCSV ni kirusi cha kudharauliwa, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa na Mganda Robert Karyeija pamoja na wenzake, ulipima kiasi cha SPFMV katika mimea iliyoambukizwa kirusi hicho peke yake na katika mimea iliyokuwa pia na SPCSV. Katika mimea yenye virusi vyote viwili RNA ya SPFMV iliongezeka takriban mara 600, ilhali SPCSV yenyewe haikuongezeka, na ilibaki ndani ya floemu kama kawaida yake. Kirusi kimoja kilifaidika, na ni kile ambacho aina za kienyeji zilikuwa zimezoea kukidhibiti.

Maelezo ya namna hali hiyo inavyotokea yalipatikana mwaka 2009 kutoka kwa watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, na wa Chuo Kikuu cha Helsinki. SPCSV hubeba jeni ya kimeng'enya kiitwacho RNesi ya tatu, ambacho hukata RNA ya nyuzi mbili. Vile vipande vya viungo 21 hadi 24, ambavyo mmea umevitengeneza kwa kazi kubwa ili viiongoze Argonauti, hukatwa tena na kimeng'enya hicho na kubaki na viungo 14 hivi, urefu ambao haufai tena kwa kazi ya kinga. Watafiti hao walifanya jaribio lililo wazi kabisa: waliingiza jeni hiyo moja katika viazi vitamu bila kuingiza kirusi chenyewe, kisha wakaiambukiza mimea hiyo SPFMV, nayo ikapata dalili kali za SPVD. Jeni moja ilitosha kuvunja ukinzani wa mmea mzima, na haukuvunjika kwa SPFMV peke yake, kwa kuwa virusi vingine visivyo na undugu nacho vilinufaika pia.

Matokeo ya shambani yanajulikana. SPVD hupunguza mavuno kwa zaidi ya nusu, na kwa aina zisizovumilia karibu kila kitu hupotea. Kwa kuwa viazi vitamu hupandwa kwa marando na si kwa mbegu ya punje, kirusi kilichoingia msimu huu husafiri ndani ya pando hadi msimu ujao, kikiongezewa na maambukizo mapya, na huo ndio mchakato ambao wakulima huueleza kwa kusema kwamba mbegu imechoka.

Hatua za shambani kwa viazi vitamu

Kanuni inayotokana na maelezo hayo ni kwamba mkulima hahitaji kuvimaliza virusi vyote, jambo lisilowezekana katika shamba la wazi, bali anahitaji kuzuia vile viwili visikutane, na kati ya viwili hivyo anapaswa kukitafuta SPCSV kwa bidii zaidi, ingawa dalili zake ni hafifu. Ushauri wa kawaida husisitiza kung'oa mimea iliyodumaa na kujikunja. Ushauri huo ni sahihi lakini haujitoshelezi, kwa maana mmea uliofikia hali hiyo umekwisha kuwa na virusi vyote viwili, na huenda nzi weupe wamekwisha kuchukua SPCSV kutoka kwake na kuhamia kwenye jirani.

Ukaguzi unaofaa huanza wiki ya pili au ya tatu tangu kupanda na kurudiwa kila wiki hadi marando yafunike matuta, kwa sababu mmea ulioonyesha dalili mapema kwa kawaida ulikuja na kirusi ndani ya pando lake, na kuuondoa wakati huo huacha nafasi ambayo marando ya jirani huijaza. Mkaguzi atembee asubuhi, jua likiwa nyuma yake, ainue marando na kutazama majani ya chini na ya katikati pamoja na yale ya ncha. Majani yakizeeka kwa kawaida hugeuka manjano yote na kuanguka, na upungufu wa chakula udongoni huonekana katika eneo zima la shamba. Lakini mche mmoja wenye zambarau au manjano kati ya mishipa ilhali wenzake wa tuta lile lile ni wa kijani una sababu nyingine, na ni heri ung'olewe pamoja na mizizi yake, kisha ufukiwe au ukaushwe juani mbali na shamba. Kuuacha kando ya tuta ni kuupandikiza upya, kwa sababu kiazi kitamu huchipua popote.

Masalia ya shamba la zamani ni chanzo kikubwa kuliko wengi wanavyokubali. Viazi vilivyosahaulika ardhini huota baada ya mvua za kwanza vikiwa tayari na virusi, na magugu ya jamii ya kiazi kitamu yanayotambaa kwenye mipaka yanaweza kuhifadhi SPCSV. Kwa hiyo shamba jipya lisipandwe ubavuni mwa la zamani. Nafasi ya mita 15 hivi, ikiwa na zao la aina nyingine katikati, hupunguza maambukizo kwa kiasi kinachoonekana, kwa sababu nzi weupe wengi wanaobeba kirusi hiki hawasafiri mbali kutoka mche hadi mche. Wakulima wenye vishamba vidogo watasema kwamba mita 15 ni anasa, na wana haki. Basi angalau wang'oe la zamani kabla ya kupanda jipya, badala ya kuliacha likivunwa kidogo kidogo kwa miezi.

Marando ya kupanda yachukuliwe kutoka katika miche isiyo na dalili yoyote, ikiwa imechaguliwa na kuwekewa alama mapema, kabla shamba halijazeeka, kwa kuwa dalili nyingi hufifia mmea unapokomaa. Sehemu ya kukatwa ni ile ya ncha, yenye urefu wa sentimeta 25 hadi 30. Katika maeneo yenye kiangazi kirefu, ambako marando hukauka na mkulima hulazimika kuomba kwa jirani chochote kilichobaki bondeni, njia nzuri ni kuhifadhi viazi vidogo vya miche yenye afya ndani ya mchanga mkavu, mahali pa kivuli, kisha kuviotesha kwenye kitalu cha kumwagilia wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua. Njia hiyo haisafishi kirusi. Kiazi cha mche mgonjwa kitatoa marando magonjwa hata kikihifadhiwa vizuri namna gani.

Kitalu cha neti ndicho kinachofunga njia kwa uhakika zaidi. Fito hupindwa upinde juu ya kitanda cha marando yaliyothibitishwa kuwa safi, neti yenye matundu madogo kuliko nzi weupe hutandazwa juu yake, na kingo zote hufukiwa udongoni. Neti hufunuliwa tu wakati wa kukata, na hurudishwa papo hapo. Mradi wa Marando Bora, uliofanyika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, uliwatumia wakulima wazalishaji wa vijijini kusambaza marando ya namna hiyo, na vitalu vya neti vilijaribiwa katika mazingira hayo hayo. Tundu moja lililoachwa bila kushonwa linatosha kuharibu kitalu chote, na kitu kinachoingia humo hakionekani hadi msimu unaofuata.

Kuhusu dawa za wadudu, msomaji anapaswa kujua kwamba hakuna dawa inayoondoa kirusi ndani ya mmea. Kidukari huambukiza SPFMV kwa kuonja jani kwa muda mfupi sana, hata kabla ya kuanza kula, hivyo dawa humuua akiwa amekwisha kuacha kirusi. Nzi weupe huhitaji muda mrefu zaidi, lakini huzoea dawa haraka na huingia kutoka mashamba ya jirani, na kwa zao la bei ya viazi vitamu gharama hairudi. Fedha hizo zingenunua neti.

Uchaguzi wa aina unahitaji busara. Aina ya New Kawogo ya Uganda inajulikana kwa kustahimili SPVD. Ejumula, yenye nyama ya rangi ya chungwa na vitamini A kwa wingi, hushambuliwa upesi. Wagunduzi wa mbegu, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, aliyekuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, wamejitahidi kuunganisha sifa hizo, na Kabode, iliyoidhinishwa Uganda mwaka 2007, ni mojawapo ya matunda ya kazi hiyo. Hata hivyo hakuna aina inayolimwa leo ambayo SPCSV haiwezi kuidhoofisha. Mkulima anayechagua aina yenye mavuno makubwa lakini dhaifu akubali tangu mwanzo kwamba atabadilisha marando mara kwa mara.

Mahindi

Mwezi Septemba mwaka 2011 ugonjwa mpya uliripotiwa katika mahindi ya Bomet, nchini Kenya: majani yalikauka kuanzia kingoni kuelekea katikati, ncha ya mmea ikafa, na magunzi yakabaki bila punje au na chache zilizosinyaa. Ugonjwa huo, MLN, ulikuwa umeelezwa Kansas nchini Marekani katika miaka ya 1970, na chanzo chake pia ni ushirika wa virusi viwili. MCMV ndicho kinachoongezeka. Mwenzake ni kirusi cha jamii ya poti, kwa Afrika Mashariki hasa SCMV cha miwa, ambacho huja na kizimakinga HC-Pro kilichotajwa hapo juu. SCMV kilikuwa katika mahindi ya eneo hili kwa miaka mingi bila kuleta maafa, na kufika kwa MCMV ndiko kulikoleta janga. Mwaka uliofuata Tanzania nayo iliripoti ugonjwa huo.

Tofauti na viazi vitamu, hapa mkulima ana nafuu moja kubwa: virusi hivi huhitaji nafaka au nyasi za jamii hiyo ili viendelee kuwapo. Mahali ambako mahindi hupandwa msimu baada ya msimu bila pengo, MCMV hakikosi makazi. Mahali ambako msimu mmoja huachiwa maharage, viazi au mboga, na wakulima wa jirani wakakubaliana kufanya hivyo kwa pamoja, idadi ya wadudu wenye virusi hushuka sana. Mtama na miwa havifai kuwa zao la kupokezana, kwa kuwa vinaweza kuhifadhi SCMV. Kwa kuwa MCMV kinaweza kupita katika mbegu, ingawa kwa kiwango kidogo, punje za shamba lililoathirika zisihifadhiwe kuwa mbegu, na mbegu inunuliwe ikiwa na lebo ya ukaguzi. Kituo cha kupima aina zinazostahimili MLN kilifunguliwa Naivasha mwaka 2013 kwa ushirikiano wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, na baadhi ya aina zilizopita hapo zimekwisha kufika madukani. Mahindi yaliyooza au kuota ukungu kutokana na ugonjwa huu yasiliwe na watu wala kupewa mifugo, kwa sababu ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu.

Muhogo

Batobato la muhogo lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na mtafiti Warburg, katika eneo ambalo sasa ni Tanzania, nalo husababishwa na virusi vya DNA vinavyobebwa na nzi weupe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali kupita kiasi lilianza kaskazini ya kati ya Uganda, likaenea hadi magharibi mwa Kenya na Kagera, na kuwaacha watu wa maeneo fulani na njaa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kirusi kipya kilikuwa kimezaliwa kwa kuunganika kwa vipande vya aina mbili za virusi vya batobato, na kwamba miche yenye hali mbaya zaidi ilikuwa na kirusi hicho kipya pamoja na kile cha zamani. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 kwa virusi vya jamii hiyo kutoka Kamerun yalitoa maelezo: kirusi kimoja hutegemea kizimakinga AC4, ambacho hufanya kazi mapema kisha nguvu zake hupungua, na mmea ukiwa nacho peke yake hutoa majani mapya yaliyopona, kingine hutegemea AC2, ambacho hukawia lakini hudumu. Vikikutana, mmea hauna kipindi cha kupumua, na majani mapya hutoka yamekunjamana kama yale ya kwanza.

Ukinzani wa batobato unaotumika zaidi leo, uitwao CMD2, ulipatikana katika mihogo ya kienyeji ya Nigeria. Mwaka 2022 iligunduliwa kwamba unatokana na mabadiliko madogo katika jeni ya kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kunakili DNA yake, na ambacho kirusi hukiazima kwa kuwa hakina cha kwake. Habari hiyo inatia moyo, kwa maana ukinzani wa namna hiyo hauonekani kutegemea mfumo ule ambao vizimakinga huulenga.

Lakini CMD2 hauzuii ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, katika milima ya Usambara. Kwa miongo mingi ugonjwa huo ulikaa pwani na nyanda za chini, hadi ulipoanza kuonekana Uganda tangu mwaka 2004 katika miinuko ya zaidi ya mita 1,000. Virusi vyake ni vya RNA, havina HC-Pro, na kizimakinga chake ni protini iitwayo P1. Mkulima aliyefurahia muhogo usio na batobato anaweza kuvuna mizizi iliyooza ndani, kwa sababu majani yake hayakumwonya: umanjano wake hukaa majani ya chini, kandokando ya mishipa, na huanguka pamoja nayo. Kabla ya kukata vipando katika shamba lolote, ichimbuliwe miche kadhaa kutoka pande mbalimbali, na kila mzizi ukatwe vipande vya mviringo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mabaka makavu ya kahawia katika nyama nyeupe, hata yakiwa machache, yanatosha kulikataa shamba zima kuwa chanzo cha mbegu. Aina zinazovumilia, ambazo hubeba virusi na bado zikatoa mizizi inayoliwa, zisisafirishwe kwenda wilaya ambayo bado ina aina dhaifu, kwani humfaa anayezilima na kumwangamiza jirani yake.

Pa kuanzia

Vyanzo vya mbegu safi vipo: TARI Ukiriguru karibu na Mwanza, KALRO Kakamega, Namulonge nchini Uganda, na kituo cha karantini cha mimea cha KEPHIS kilichoko Muguga, ambako mimea hupimwa virusi kabla ya kutolewa. Nchini Tanzania mzalishaji wa mbegu anaweza kuomba kukaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kikundi cha wakulima kisichokuwa na kitalu kinashauriwa kuanza na kitanda kimoja tu cha neti, mbali na mashamba ya zamani, miezi miwili kabla ya mvua, na kumkabidhi mtu mmoja ufunguo wa kazi hiyo: anayefunua neti, anayekata, anayeandika marando yalikwenda kwa nani. Bwana shamba anayesoma mwongozo huu aombwe jambo moja: katika ziara yake ijayo shambani, kabla hajautazama mche uliojikunja, autafute ule wenye majani ya zambarau chini, amwonyeshe mwenye shamba, na waung'oe pamoja siku hiyo hiyo.